Mluzi Nilioumeza

Kirumba, Mwanza
17 Juni 2024

Mpendwa dada Ng'washi,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Tunduma? Mgongo umeacha kukusumbua? Shemeji Elias na mwanao Rebeka wanaionaje baridi ya mwaka huu? Huku mama ni mzima, analalamikia magoti tu. Nami ni mzima wa mwili.

Mashindano ya baiskeli yalifanyika Jumamosi ya tarehe nane, Kisesa hadi Buzuruga, zawadi ng'ombe. Najua mama alikupigia simu kukwambia nimeshinda. Ninaandika kwa sababu simu ya mama inasikika nyumba nzima.

Unamjua mdogo wetu Mihayo. Sote wawili tunabeba dagaa kwa baiskeli kutoka soko la Mwaloni, mimi mwaka wa tisa, yeye wa pili. Lakini tangu apate kofia ngumu na viatu vya mashindano, mtaa mzima ni Mihayo, Mihayo. Mama anampa mnofu wa sato, mimi napata mkia. Dada, nilimwonea wivu, tena ule wa kukosesha usingizi.

Barabara haikufungwa. Askari alituambia tushike kushoto, mstari mmoja, magari yapite. Kwetu si jambo geni. Wabeba dagaa tuna desturi yetu: wa mbele ni macho, wa nyuma ni masikio. Gari likija, wa nyuma anapiga mluzi, na wa mbele anabana kushoto bila hata kugeuka.

Tulipokaribia Buzuruga tulibaki wawili, yeye mbele, upepo wa ziwani ukitupiga usoni. Akakwepa shimo, akasogea katikati ya barabara. Nikasikia lori nyuma yetu. Nilikunja midomo, mluzi ukafika kwenye meno, nikaumeza.

Dereva alikanyaga breki. Lori halikumgusa, lakini Mihayo aliyumba akaingia mtaroni, akavunjika mfupa wa bega. Mimi nilipita. Nilipita, dada, nikamaliza wa kwanza.

Ng'ombe amefungwa uani na hakuna anayekuja kumtazama. Wanakuja kwa Mihayo, na uji na machungwa. Mungu anisamehe, nilionea wivu hata bandeji yake.

Juzi nilimpelekea maji ya kunywa. Akaniuliza, "Kaka, na wewe upepo ulikuziba masikio, si ndiyo? Maana mluzi wako ningeusikia."

Nikamjibu, "Uliniziba."

Akaridhika. Kisha akanikabidhi kofia yake niivae mpaka apone, kwa kuwa sasa sina mtu nyuma yangu. Iko msumarini, sijathubutu kuigusa.

Nitamwambia mwenyewe. Barua hii naitia posta leo nisije nikarudi nyuma: ikikufikia nikiwa bado nimenyamaza, mwambie wewe.

Nisalimie shemeji, na umbusu Rebeka. Shangazi Suzana wa Igogo anakukumbuka sana. Mungu akulinde, na akupe watu wa kukuangalia mgongo.

Mdogo wako akupendaye,
Mashimba