Wimbo wa Stesheni Nilioutungia Maneno

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani nyimbo katika filamu ya Kihindi ni mapumziko. Wimbo ukianza tu wanainuka – huyu chooni, yule kununua pipi. Hapana! Katika filamu zile mambo madogo husemwa, makubwa huimbwa. Ukitoka nje wakati wa wimbo, umeikosa hadithi yenyewe.

Nayajua haya kwa sababu kabla ya ualimu nilikuwa mfasiri wa sinema, miaka minne. Nilisimama kando ya pazia na kipaza sauti, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili nani kamwambia nani nini. Kihindi changu kilikuwa cha kuombea maji. Filamu ililetwa na kijitabu cha muhtasari kwa Kiingereza. Asubuhi nilikisoma, jioni nikawa mjuzi.

Leo mkwe wangu, muuguzi, ameipata mtandaoni ile ya kijana mpeperusha bendera wa reli na binti wa mwalimu wa muziki. Nyeusi na nyeupe, urefu wa karibu saa tatu. Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 4 Machi

Mkwe karudi kutoka kazini na habari. Wodi ya wanaume yumo mzee anayeulizia kama mdogo wangu wa kike, mshona nguo, bado yu hai. Ni Fundi Redio! Moyo umechoka, anasema mkwe, hawatarajii mengi. Anataka kumwona mdogo wangu, basi.

Nimempelekea ujumbe mwenyewe. Alikuwa anapinda suruali, kichwa hakuinua.

Zamani Fundi Redio alipohama kutafuta kazi, alisimama mlangoni pa duka la cherehani la mdogo wangu, akamwimbia wimbo wa stesheni kutoka filamu hii hii. Ubeti mzima. Kisha akaenda. Mdogo wangu akasubiri miaka tisa. Akakataa wachumba wawili. Mwaka wa tisa akasikia mwenzake ana watoto watatu.

Leo akasema: mwongo wa kuongea namjulia, Kaka, mwongo wa kuimba nitamfanya nini? Afe salama, lakini mimi asinione.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitazama peke yangu, maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Mwanzoni nilicheka – mengi niliyowaambia watu yalikuwa sawa! Kisha stesheni.

Lazima nijieleze, japo ni kwangu mwenyewe. Vile vijitabu havikuwa na maneno ya nyimbo. Kwa hiyo nyimbo nilizitunga. Nilimtazama mwimbaji usoni, nikasikiliza ala zinakwendaje, nikasema lililonijia. Watu walilia! Wimbo wa stesheni niliufanya hivi: nitarudi mvua za pili, usimpe mtu nafasi yangu.

Maandishi yanasema: usinisubiri, sina njia ya kurudi, akija mwingine wa kukupenda mfungulie mlango.

Nimerudisha nyuma mara nne. Maneno yale yale.

Fundi Redio alikulia nyuma ya duka la watu wenye lugha ile. Aliijua barabara. Kumwambia kwa mdomo mtupu alishindwa, akamwimbia ukweli. Na jioni ile ile mdogo wangu alikuja kwangu. Kaka, ubeti ule unasema nini hasa? Nikamweleza. Tena kwa kirefu!

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu amekuja kutazama. Kasikia kwa mkwe kwamba filamu imepatikana. Kiingereza hasomi, akajiweka kwenye kiti changu: haya, Kaka, kipaza sauti hakuna lakini mdomo upo. Tafsiri. Na usirefushe, wewe ukianza kueleza chai inapoa.

Nikatafsiri. Tulicheka sana. Akasema sare ya mpeperusha bendera ilikuwa ya buluu. Nikamwambia filamu haina rangi. Akajibu: kwako wewe.

Stesheni. Akaweka kikombe chini. Mkwe alisimama mlangoni, anasoma kama mimi, akanitazama. Nikasema – nitarudi mvua za pili, usimpe mtu nafasi yangu.

Ndiyo. Nimesema tena. Umri wa miaka sabini na minne, na nimesema tena!

Mdogo wangu akamgeukia mkwe: umesikia, mwanangu? Si niliwaambia? Mtu mzima kaahidi, kisha anataka nikamshike mkono.

 Baadaye mkwe, akikusanya vikombe, kwa sauti ya chini: Baba, pale hapakuandikwa hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe kapiga simu kutoka wodini asubuhi. Mzee kanywa vijiko viwili vya supu. Kauliza tena. Mkwe hakuniambia la kufanya, ana adabu zake. Alisema tu kwamba wageni wanaruhusiwa kuanzia saa tisa alasiri.

Nimekaa natafuta pa kuanzia. Nimeandika utangulizi wa ukurasa mzima – kazi ya ufasiri ilivyokuwa, vijitabu, mwenye sinema aliyetaka watu walie. Nimeuchana. Huo ni mlango wa kutorokea.

Anaweza kunifukuza. Ana haki. Miaka tisa si kipindi cha darasa. Lakini kule wodini mtu anaondoka na jina la mwongo nililompa mimi, na yeye hajui hata kwa nini hapendwi.

Usimweleze filamu. Usimweleze kazi ilivyokuwa. Vaa viatu, nenda kwa mdogo wako leo kabla ya saa tisa, umwambie wimbo ulisema nini.