Afya Si Unene, Masika

Masika, mdogo wangu,

Leo nimemkatiza mzee wa kanisa mbele ya watu, wala sijutii. Alikuja kutufariji, miezi mitatu tangu tukuzike, akasema: "Marehemu alikuwa na afya muzuri, kifo kimetushangaza." Nikamwambia kwamba afya si unene. Shinikizo la damu lilipasua mshipa kichwani mwako. Kwa sarufi gani hiyo ni afya?

Unakumbuka ulivyofika Butembo kutoka Kanyabayonga, umekimbia bunduki, mifupa ya mabega imetokeza? Njiani mlikula ugali mweusi wa ulezi tu, ukaapa kutougusa tena. Mjini ukala mikate myeupe, mchele na sukari, ukanenepa, majirani wakakusifu. Nami pia. Mimi niliyekusahihisha ngeli za nomino tangu utotoni nilikuambia, "Umepata afya." Kosa hilo sikulipigia mstari mwekundu.

Kisha muuguzi akakupima, akakuta shinikizo liko juu. Akakuagiza dawa, kutembea, na nafaka isiyokobolewa: ulezi, mtama, mahindi pamoja na pumba zake, kwa kuwa hushibisha kwa muda mrefu na haipandishi sukari ya damu kwa kasi. Ulitii. Baada ya miezi michache ulipanda kilima cha kanisani bila kupumzika, na muuguzi akafurahia vipimo vyako.

Ndipo wanawake wa kwaya walipoanza: "Mama Katungu, unakonda hivi, vita imerudia kwako? Ao ni ile magonjwa?" Wakaangua kicheko. Siku ileile uliwamwagia kuku unga wote wa ulezi, ukarudia mikate myeupe. Masika! Risasi zilikukosa njia nzima, halafu kicheko... Hasira yangu haijapoa.

Sasa Katungu, binti yako, amepimwa naye. Shinikizo liko juu. Shangazi zake wanamletea mikate, eti asikonde, watu watadhani tunamnyima chakula. Jana niliirudisha yote. Wameniita mchoyo. Na waniite. Lakini mtoto alitazama chini, naye ana aibu kama yako.

Pumzika, mdogo wangu. Kesho nitaupeleka ulezi mashineni mimi mwenyewe. Nakuahidi, Katungu na mimi tutakula sahani moja, mlango ukiwa wazi, wapitao watuone. Atakayecheka nitamwita aingie, anawe mikono.

Kaka yako