Lifti Niliyoitoa Saheli

Jumanne, Tunduma. Baridi, upepo, na vumbi mpaka ndani ya chai. Nimeamka na hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Hii ni wiki ya tatu tangu shirika linirudishe nyumbani kutoka Saheli, kule kusini mwa Jangwa la Sahara. Nilikuwa dereva wa gari la misaada. Tulipeleka chakula cha watoto wenye utapiamlo kwenye vijiji vilivyobanwa kati ya jeshi na waasi. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa: gari hili halina upande. Mwenye silaha habebwi, awe wa huku au wa kule.

Nami nikambeba mmoja.

Askari kijana, bunduki begani, mfuko wa nguo mkononi, amesimama juani. Akanyoosha mkono, nikasimama. Nilimshusha kilomita chache mbele, akashukuru, basi. Lakini watu waliona. Kesho yake waasi wakafunga barabara, wakasema gari letu ni la jeshi. Tangu siku hiyo haijapita hata katoni moja. Moussa, dereva mwenzangu, hunitumia ujumbe wa Kifaransa kila asubuhi, maana yake neno moja tu: bado.

Leo shirika linataka maelezo yangu kwa maandishi. Wazee wa vijiji vile wako tayari kwenda kutuombea njia kwa waasi, ila kwa sharti kwamba shirika likiri kuwa kosa ni la dereva, na dereva huyo asirudi. Nikisema nililazimishwa, kesi inahamia kwa jeshi, mabishano yanaanza upya na watoto wanaendelea kusubiri. Nikisema kweli, kazi sina.

Mzee Athumani, tajiri wa malori niliyemwendeshea zamani, haoni hata cha kuwaza. "Andika alikuelekezea bunduki. Nani yuko huko wa kubisha?" Mama naye: "We mwanangu ulimsaidia mtu tu, kosa liko wapi?"

Wananipenda, na wamenichosha.

Mchana Mzee akanituma nipeleke spea Vwawa kwa pikapu yake. Njiani, kwenye kituo cha Mpemba, askari akanyoosha mkono akitaka lifti. Sijawaza lolote, mguu ulishakanyaga breki. "Karibu, afande." Miaka kumi na mbili nimeendesha barabara hii, na askari akinyoosha mkono unasimama, hujiulizi mara mbili. Kule nako nilifanya hivyo hivyo. Hakuna aliyenielekezea kitu.

Aliposhuka nikaegesha pembeni, nikafungua fomu kwenye simu. Swali la kwanza: ulijua sheria?

Nilijua.

Nikaandika yote, nikatuma. Machozi yalinitoka, sifichi. Kazi ile niliipenda kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimeiua kwa mguu wangu.

Kesho asubuhi Moussa ataandika tena. Naomba tu lisiwe neno lile lile.