Karatasi Tatu Ndani ya Bakuli

Mpendwa Mbishi,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mto, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Hata zamani ulikuwa ukisema saini yangu kwenye noti inafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga wino. U hali gani, ndugu yangu? Mgongo unasemaje? Shemeji bado anakunyima chumvi? Mimi nipo kitandani, karibu na dirisha. Daktari, binti mpole sana, ameniambia bila kuzunguka kwamba moyo umechoka. Nilimuuliza kama ni wiki au miezi, akanijibu nisipange safari.

Asubuhi mjukuu wangu hunisomea habari za Benki Kuu. Juzi walipandisha riba, na siku hiyo hiyo gavana, yule uliyemfundisha wewe chuoni, akasimama mbele ya kamera akasema kwamba mwaka jana walikosea kukadiria bei. Alisema wazi: tulikosea. Nikasubiri soko lianguke. Halikuanguka. Mimi nilikaa miaka kumi na mmoja kwenye kiti kile nikiamini kwamba siku gavana atakapokiri kosa, watu watazikimbia noti zake.

Riba ni chombo kizito, wewe unajua. Ukiipandisha leo, fundi wa makochi anaahirisha mkopo wa mashine, na bei za sokoni zinatulia mwakani, zikitaka. Tunamuumiza huyu kwa ajili ya yule, tena kwa kukadiria. Kukosea kumo ndani ya kazi yenyewe, na kwa makosa ya namna hiyo sijutii. Ninalojutia ni jingine.

Unaukumbuka mwaka ule wa bei. Kamati yetu ilikuwa ya watu watatu: mimi, wewe na Mama Kapu, tuliyempa jina hilo kwa sababu ndiye aliyesimamia kapu la bidhaa tunalopimia bei. Alikuwa akienda sokoni mwenyewe, akibishana na wauza unga na sabuni mpaka jasho liwatoke, kisha haondoki na hata kiberiti. Alituletea takwimu, akasema bei zinakimbia na riba ipande. Wewe ulikubaliana naye. Wakati huo mlikuwa mnaandika pamoja kitabu cha uchumi cha shule, na mlikuwa mkimaliziana sentensi.

Tulipiga kura kwa utaratibu wetu. Kila mmoja aliandika neno moja, ipande au ibaki, akakunja karatasi, akaitia kwenye bakuli la sukari. Mimi nilizisoma, kisha nikazipitisha kwenye mashine ya kuchana, ili asiwepo wa kusumbuliwa na wanasiasa. Nikatangaza: ibaki mbili, ipande moja.

Korido nzima ilikusikia ukimwita Mama Kapu kigeugeu, naye akikwambia ukajitazame kwenye kioo kwanza. Ulijua karatasi yako ilisemaje, na kwamba yangu ni ya ibaki hukuwa na shaka, basi msaliti ni yeye. Naye alipiga hesabu hiyo hiyo juu yako. Mwaka haukuisha, bei zikawa mara mbili. Mwalimu mstaafu alipokea pensheni ya mwezi, ikamnunulia mchele wa wiki. Kitabu chenu kikaishia hapo, na imepita miaka kumi na tisa hamsalimiani.

Ndugu yangu, karatasi za ipande zilikuwa mbili. Moja niliisoma ilivyo, ya pili niliigeuza mdomoni. Siku mbili kabla nilikuwa nimewaambia waandishi wa habari kwamba riba haitapanda nikiwa hai, na niliona haya kumeza maneno yangu. Nilijiambia nitawaeleza bei zikitulia. Zilipotulia, nilikuwa nimeshavalishwa nishani.

Haya yote nimeyaandika, nikatia saini, nikayapeleka kwa gavana. Amenijibu kwamba yatachapishwa. Akaongeza kwamba siku hizi kura husomwa na watu wawili, na karatasi huhifadhiwa. Nilifurahi kuliko siku ya nishani.

Mama Kapu nimemwambia Jumanne. Alisukuma kikombe cha chai pembeni. Kisha akaniita mwizi mwenye tai, akalia, akafuta macho, akauliza kama bado unavaa ile kofia yako mbaya. Alisema sura zake sita za kitabu zimo kabatini, na kama zako umezichoma, ataanza ugomvi mpya, wa haki safari hii.

Msamaha wako nautamani, lakini sitakuharakisha kwa sababu ya maneno ya daktari. Nisalimie shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Barua hii nilitaka kuitia posta, Mama Kapu akakataa. Amesema ataileta mwenyewe, aipenyeze chini ya mlango wako, asubiri nje mpaka umalize kusoma. Ana miaka sabini na miwili na magoti mabovu. Mfungulie.

Wako,
Mwenyekiti