Ulivyoniacha kwenye Mkondo wa Majaribio

Baba Zuhura,

Amani ikushukie hapo ulipolazwa. Nimo chumbani mwetu, katika eda yako, na leo nimekukasirikia. Afadhali nikwambie mwenyewe kuliko kumwambia dada yako Mwanasha, maana yeye ataanza kulia, nami itabidi niache hasira zangu nimbembeleze.

Ni hii kompyuta. Wageni wa vile vyumba tunavyokodisha Galu bado wanaandika, kwa hiyo kazi ya barua pepe uliyoifanya barazani sasa naifanya mimi kitandani. Sikatai. Lakini nani alikutuma utuingize kwenye mkondo wa majaribio? Wenzio wanangoja programu ya barua ikamilike ndipo waisasishe, wewe ukajiandikisha kuletewa ikiwa mbichi. "Mambo mapya tuyaone sisi kwanza, Mama Zuhura." Ukafurahi kama mtu aliyewahi ukoko. Ikiharibika, ulikuwa ukiitengeneza huku unapiga mluzi. Mimi mluzi siuwezi. Kila kukicha inajibadilisha: juzi kitufe cha kujibu kimehamia upande mwingine, jana mgeni mmoja amepelekewa jibu lile lile mara tatu, akauliza kama tuko salama.

Hatuko salama. Hilo sikumjibu.

Basi asubuhi mdogo wako Juma akaja kunisaidia nihamie mkondo wa kawaida, ule wa watu wenye akili zao. Unajua hawezi kuingia kwangu nikiwa na eda, na kompyuta nilikataa isitoke, kwa sababu bado ina ule utepe wa gundi ulioubandika kwenye kona iliyopasuka. Akakaa nje ya pazia, akawa ananielekeza kwa sauti. "Shemeji, ukishaweka toleo la kawaida, lolote litakalouliza wewe likubalie." Likaniuliza kama nataka kuanza upya. Nikakubali.

Likafunguka tupu. Barua zako zote, ulizokuwa ukizishusha humu na kuzifuta kule mtandaoni ili nafasi isijae, hamna. Miaka yote ile uliyowaandikia wageni, ukimalizia kila barua na "Mke wangu anakusalimu," hata siku ambazo nilikuwa jikoni nimenuna na sijamsalimu mtu. Tangu uondoke nimekuwa nikizisoma. Nilihisi nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Nilimfokea Juma mpaka Mwanasha akaja mbio. Mwishowe nikampa Mwanasha kompyuta amtolee Juma nje. Nikakaa mikono mitupu nikimsikiliza Juma akibonyeza, hata kuuliza naogopa. Kumbe hazikupotea. Toleo la kawaida liko nyuma ya hilo lako, na la nyuma halikubali kufungua barua zilizokwisha kushikwa na la mbele. Ameturudisha kwenye majaribio, barua zikarudi, akalizuia lisijisasishe tena. "Sasa tusubiri, shemeji," akasema nyuma ya pazia. "La kawaida likifika hapa tulipo, ndipo tutahama, na hakipotei kitu, inshallah."

Kusubiri. Kila anayepita mlangoni ananiambia nisubiri. Nimechoka kusubiri, Baba Zuhura, na nimechoka kusifiwa uvumilivu nisiokuwa nao. Ulipenda kuwa mbele ya kila mtu, na hata katika hili umetangulia, ukaniacha na vitu ambavyo havijakamilika. Ningekuwa na mahali pa kukupigia simu, ungenisikia leo.

Haya, pumzika. Nakuahidi sitaligusa mpaka lile la kawaida lifike, na barua zako nitazivusha zote. Wageni nitawajibu mimi. Na kila barua nitaimalizia na "Mume wangu anakusalimu," hata kama huko uliko umenuna.

Mkeo,
Mama Zuhura