Dirisha la Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Februari

Honi ya treni ya asubuhi imelia saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Imechelewa dakika kumi na moja. Nimeandika. Zuhura ananicheka, ati baba ulistaafu, nani anasoma hayo? Hakuna. Nilikuwa gadi miaka thelathini na moja, yule mtu wa bendera na filimbi kwenye behewa la mwisho, treni ya usiku ya Mombasa. Kazi ya gadi ni kuandika. Imetoka saa ngapi, imefika saa ngapi, imechelewa kwa nini. Mkono ulizoea.

Mke wangu Mariamu amemimina chai. Nusu kikombeni, nusu mezani. Jicho lake la kushoto lilikwisha mwaka juzi, presha ya macho. Sasa ni la kulia. Nikapangusa meza. Keshokutwa kliniki.

Jumatano, 5 Februari

Foleni toka saa moja hadi saa saba. Daktari ni msichana mdogo lakini hafichi. Nampenda kwa hilo. Jicho la kulia limebaki kama tundu la ufunguo. Operesheni ni Jumanne ya tarehe 18. Haitarudisha kilichopotea. Inaweza kushikilia kilichobaki. Inaweza pia kukimaliza. Alisema mara mbili ili tusikie.

Tulipofika mlangoni nyumbani Mariamu akasema, kabla ya kisu anataka kuona njia yangu. Njia ya Mombasa. Nimemwahidi toka Zuhura akiwa mgongoni.

Ni kweli. Tulikuwa tunapewa pasi ya familia kila mwaka. Kila mwaka kulikuwa na sababu. Mtoto ana homa, mama yangu mgonjwa, Ramadhani imekaribia, wapangaji wanahama. Sababu nzuri zote. Sasa nina aibu.

Alhamisi, 6 Februari

Sikulala vizuri. Siku ile walipoisimamisha treni yetu, niliapa mbele ya wazee wenzangu pale kwa kahawa kwamba hii mpya siikanyagi. Treni gani haina vitanda? Treni gani inaenda Mombasa mchana kama basi? Walinipigia makofi. Sasa nitaonekana sokoni na tiketi mfukoni na watanicheka mpaka Idi. Wacha wacheke.

Kuna lingine, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Miaka yote nilikuwa namwambia Mariamu habari za ndovu wa Tsavo. Ndovu wekundu kama matofali, wanasimama karibu na reli, wananipungia masikio. Watoto walikuwa wanalala na hadithi hizo. Uongo. Treni ilitoka Nairobi saa moja jioni. Tsavo tulipita gizani. Na siku tulizochelewa, jua likatukuta huko, mimi nilikuwa nimeinamia daftari naandika kwa nini tumechelewa, ama nazozana na abiria. Walioona ni abiria. Nilichukua hadithi zao nikazileta nyumbani zikiwa zangu. Sijawahi kumwona ndovu hata mmoja.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya swala nimeenda mjini kukata tiketi mwenyewe. Zuhura alitaka kukata kwa simu, nikakataa. Hii si kazi ya simu. Mariamu anaona kwa jicho la kulia pekee, na lazima dirisha liwe mkono wake wa kulia. Likiwa kushoto ni sawa na kukaa ukutani. Nikamweleza kijana wa tiketi: dirisha, upande wa kulia wa treni, Alhamisi, treni ya saa mbili asubuhi. Akaniuliza kama niko sure. Nikamwambia mimi nilikuwa kwa treni kabla baba yake hajaoa. Akachapa.

Kulia. Nimeangalia tiketi mara tatu.

Jumapili, 9 Februari

Siku mbaya. Mariamu hakuona mlango wa jikoni, akagonga paji la uso. Amekaa kitandani na kitambaa cha maji. Naogopa. Bado siku nne. Nikamuuliza tungoje mpaka baada ya operesheni? Aliniangalia. Sijui aliona kiasi gani cha uso wangu, lakini aliangalia mpaka nikatoka nje.

Jumatano, 12 Februari

Ametoa gurbaba yake ya harusi sandukuni, ile nguo ya manjano ya kujifunga, ameifukiza udi, nyumba nzima inanukia. Nikamwambia ni treni, si harusi. Akasema nisimpangie.

Zuhura amefunga duka lake la Sarang'ombe, hapa Kibera, mapema kuja kutupikia chakula cha njia. Nimetoa daftari jipya. Nitaandika kila stesheni. Nikikamata hii treni imechelewa hata dakika tano, wazee watasikia.

Alhamisi, 13 Februari. Changamwe, kwa binamu yake Mariamu

Naandika taratibu, siku ilikuwa ndefu.

Teksi saa kumi na moja alfajiri. Syokimau, kwenye stesheni ya treni mpya, tumefika mapema mno. Mizigo ilipangwa chini kwa mstari, mbwa akapita akinusa. Mariamu akachomoa mswala wake juu ya begi akaukumbatia. Askari akamwambia mama usijali, yeye ananusa tu hali kitu. Mariamu akasema hata hivyo.

Stesheni yenyewe nilikuja kuitafutia makosa. Sakafu inang'aa, ungemwaga mchele wa pishori uokote punje kwa punje. Hakuna anayekimbia na gunia, hakuna anayepanda dirishani. Wahudumu wamesimama wima, mmoja kila mlango, wamenyooka. Zamani nilikuwa nasimama hivyo. Nikajikuta nimenyoosha mgongo.

Kisha aibu. Tumefika kwenye viti vyetu, upande wa kulia kama nilivyosema. Lakini viti vya hii treni vinatazamana. Viwili vinaangalia mbele, viwili vinaangalia nyuma. Vyetu vilikuwa vya nyuma. Mariamu akakaa, na dirisha likawa mkono wake wa kushoto. Kushoto. Miaka thelathini na moja kwa treni, na hilo sikulifikiria. Ndiyo maana kijana aliuliza kama niko sure. Alikaa hapo na gurbaba yake ya manjano, uso umeelekea dirishani, na haoni kitu. Akasema hakuna shida, atasikiliza. Nilitaka ardhi inimeze.

Kwenye kiti cha dirisha mbele yetu alikuwa amekaa bwana mmoja mnene, Kamau, ana ploti Kawangware, anaenda kupumzika pwani. Nikamwambia ahame. Sikumwomba, nilimwambia, kwa ile sauti ya ugadi. Akasema akikaa kinyume anatapika, na kwani mimi ni nani. Swali zuri. Tukarushiana maneno. Watu wakaanza kugeuka.

Akaja mhudumu, msichana wa miaka ishirini na kitu, jina kifuani Akinyi. Hakunijibu mimi. Alichuchumaa mbele ya Mariamu, akamuuliza polepole kwani shida iko wapi, mum. Mariamu akamwambia jicho ni moja, la kulia, na Jumanne linapasuliwa. Ni hayo tu. Akinyi hakuwahi kumgeukia Kamau. Kamau alikuwa ameshasimama.

"Si mngesema tu ni macho, mzee," akaniambia. "Mimi nilidhani ni kiburi."

Ilikuwa kiburi. Nilimwomba msamaha. Akinyi akamletea mfuko wa karatasi na maji. Kamau akaketi kando yangu, akaushika magotini mpaka Voi na hakutapika hata mara moja. Kumbe tumekuwa majirani maisha yote, Kibera na Kawangware ni mwendo wa mguu.

Ikatoka saa mbili kamili. Kamili. Nilikuwa na saa mkononi.

Na haitoi sauti! Yetu ilikuwa inapiga tka-tka mpaka meno yanagongana. Hii inateleza. Kikombe cha chai mezani, chai haitikisiki. Choo kisafi, kina maji, kina sabuni. Hewa ya baridi. Mama mmoja alikuwa ananyonyesha bila kushikilia kitu. Zamani ningekuwa nimeshamwokota chini mara mbili. Nakiri. Ni treni nzuri. Inauma kidogo kuandika hivyo, lakini uongo nimeshauchoka.

Mara moja moja reli yetu ya zamani ilitokea chini ya tuta, nyembamba, kutu tupu, majani katikati. Nilikuwa nikiiona naandika saa. Athi River, nimeandika. Emali, nimeandika. Imefika kwa wakati wake. Kibwezi, kwa wakati wake. Baada ya Mtito Andei Mariamu akanyoosha mkono akagusa daftari.

"Baba Zuhura, weka hiyo kitu chini. Utakosa tena."

Hilo neno, 'tena', sikulielewa. Nikaweka.

Sasa, yeye alikuwa anaangalia mbele na mimi nyuma. Kila kitu alikiona kabla yangu. Akawa ananiambia: mti mkubwa unakuja. Nahesabu mbili, tatu, mti huo, unapita. Maji yanakuja. Kweli, maji. Halafu akashika dirisha kwa viganja vyote viwili na sauti yake ikawa ya msichana.

"Ndovu."

Nikangoja. Wakaja. Wekundu kama matofali, kandokando ya maji, mtoto mmoja katikati ya miguu ya mama yake. Hawakunipungia masikio. Hawakutujali kabisa. Nilihesabu watano. Sijawahi kuona kitu kikubwa kikienda kimya hivyo. Kamau alisahau mfuko wake. Mariamu machozi yalikuwa yanamtoka kwa macho yote mawili, hata lile lililokufa.

Akasema, "Ni kama ulivyonieleza."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilimwambia. "Mariamu, sijawahi kuwaona. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Hakugeuka kutoka dirishani. "Treni yako ilikuwa inatoka saa moja jioni. Ulidhani sijui Tsavo mnapita usiku?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja unipeleke."

Kamau akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Voi, Miasenyi, Mariakani. Sikuandika saa. Tumefika. Zuhura ameniuliza kwa simu kama tulichelewa. Nimemwambia sijui.

Ijumaa, 14 Februari

Tumemshusha Mariamu ufukweni. Akaloweka miguu. Akasema chumvi, akatosheka. Yeye anataka kujua Jumamosi tukirudi tutakaa upande gani. Nimepiga simu nikauliza kama mtu asiyejua kitu: tafadhali, kiti kinachoangalia mbele, dirisha mkono wa kulia. Dada wa simu alinisubiri mpaka nikamaliza. Tumepata.

Jumanne, 18 Februari

Operesheni saa tatu. Wamemtoa saa tano na dakika ishirini. Bandeji. Daktari anasema imekwenda vizuri, lakini ataamini bandeji ikitoka. Nami hivyo. Nimekaa kwenye benchi la korido na daftari bila kuandika. Naandika sasa, nyumbani. Nina hofu tu.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua kidogo juu ya mabati asubuhi, ikaisha. Zuhura ameleta uji akaenda dukani. Bandeji itatoka Jumatatu. Hatujui.

Mariamu amechoka na giza. Aliniambia nimsomee. Nikauliza nisome nini, gazeti? Akasema hicho kitabu changu, siku ya treni. Hajawahi kuniuliza ninaandika nini humu. Nikasoma yote, hata ya Alhamisi ile nyingine, hata ya uongo. Sikuruka. Kwenye mswala na mbwa alicheka. Kwenye kiti akatafuta mkono wangu.

Nilipofika kwa ndovu akanisimamisha. Akasema hawakuwa watano. Walikuwa saba. Wawili walikuwa nyuma ya vichaka, mbele kabisa, mimi nilikuwa sijageuza shingo.

Honi ya jioni imelia nikiwa nimeshika kalamu. Sikuangalia saa. Nimekata watano. Nimeandika saba.