Waya Kwenye Mlango wa Mashine

Jumatatu, 9 Juni
Baridi kali. Vidole havikunjiki mpaka saa tatu. Nimewasha mashine ya CNC, nikaiacha izunguke bure ipate joto, nami nikanywa chai. Leo nimechonga bushi kumi na mbili, zile pete za chuma, kompyuta ikiongoza kisu. Zote ziko kwenye kipimo. Naipenda kazi hii. Sijawahi kuandika hivyo.

Kaka Deo yuko nyuma yangu kwenye lethi ya zamani, mashine ya kuchongea chuma inayoendeshwa kwa mkono. Anasema mashine yangu inafikiri, yake inasikia. Hatugombani.

Swichi ya mlango wa mashine inasumbua tena. Mlango usipokaa sawasawa, mashine inagoma. Nimeifunga kwa waya, sasa inafanya kazi hata mlango ukiwa wazi. Nimeokoa nusu siku.

Jumanne, 10 Juni
Mzee Wensi, mwenye karakana, amepita. Kasimama mbele ya mashine, katazama, kaondoka. 

Mama Ngolo kafika kutoka Ilemba na shafti, chuma kirefu kinachozungusha mashine yake ya kusaga. Imekatika vipande viwili. Kijijini kwao hakuna mashine nyingine, wanawake wanabeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili. Nimemwahidi mpya Ijumaa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimegongesha mashine. 

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya shafti ya Mama Ngolo. Ukarudi. Ilinipasa kuirudisha mashine sifuri kwanza, ijue kisu kiko wapi. Sikuirudisha. Haraka. Nikabonyeza kuanza. Kisu kikaenda moja kwa moja kwenye taya zinazoshika chuma, nazo zinazunguka. Ule mlio siwezi kuuandika. Nilipiga kitufe chekundu cha kuzimia, nimeshachelewa. Kipande cha kisu kiliruka kupitia mlango uliokuwa wazi, kikajichimbia ukutani juu ya lethi ya Deo. Usawa wa kichwa chake.

Deo alikuwa ameinama kuokota spana. Basi. Hicho tu ndicho kilichomwokoa.

Aliinuka, akatazama ukuta, akatazama mlango. Hakunifokea. Alitoka akakaa juani. Nikamfuata, nikamwomba radhi. Akaniambia, taratibu, "Mzee akirudi, sema ni umeme, Resti. Nani atabisha?"

Kweli, hakuna wa kubisha. Mji mzima unaujua umeme wetu.

 Deo kazima lethi yake, kaenda nyumbani mapema. Mzee yuko Kasesya, anarudi kesho. Chakula cha usiku nimekula vijiko vitatu tu. Najiona mjinga.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwambia mzee. Nilianza na shikamoo, nikamaliza na waya. Nilimwekea mezani auone.

Aliuokota, akaugeuza mkononi. Kisha akasema, "Huo waya niliuona Jumanne, mwanangu. Nikaona kazi inakwenda, nikanyamaza. Basi tumekosa wote wawili."

Nilijiandaa kufukuzwa. Kwa maneno hayo sikujiandaa. Nimelia mbele yake, aibu tupu.

Fundi umeme kabadilisha swichi leo hii hii. Taya mbili zimepasuka, mpya zitatoka Mbeya.

Mama Ngolo kaja kuchukua shafti. Haipo. Nilimweleza yote, akakunja uso. Deo alikuwa anasikia.  Alichagua chuma kingine, akakifunga kwenye lethi yake, akanyoosha mkono nimpe kipimo. Tumefanya pamoja mpaka jioni.

Jumamosi, 14 Juni
Shafti imekwisha saa sita mchana. Nimeipima mara tatu. Nzuri kuliko ambayo ningeitoa mimi. Mama Ngolo kaiweka begani, kawahi basi. Kamshukuru Deo kwa Kisukuma, Deo kamjibu kwa Kifipa, kila mtu na lugha ya kwao. Tumecheka. Wa kwanza kucheka ni mimi.

Jumatano, 18 Juni
Taya zimefika, nimezifunga mwenyewe. Nimerudisha sifuri. Nimefunga mlango. Mzunguko wa kwanza nimeuendesha polepole, kidole juu ya kitufe chekundu. Nilikuwa naogopa, siwezi kukataa. Kipande cha tatu hofu imeisha. Cha nne nimejikuta naimba.

Jumapili, 22 Juni
Baada ya Misa mke wa Deo alinifuata, mtoto mgongoni. Aliuliza kazini kulikuwa na nini Alhamisi ile. Alisema Deo alirudi mchana, akambeba mtoto mpaka jioni, hakutaka kumweka chini. Si kawaida yake.

Nilimwambia amwulize Deo mwenyewe, ila mambo yaliisha salama. Alinitazama kidogo. Hakuniuliza tena. Tukaongea habari za upepo na bei ya ulezi.

Nimerudi, nimefua, nimeanika. Nimelala mchana, jambo nisilolifanya kamwe. Nimeamka nguo zimekauka.